Alama za Mtihani na Uhalifu Usioripotiwa

Kila mwisho wa muhula, chuo ninachofundisha hapa Minnesota, Marekani, hunitaka nijaze fomu ya tathmini ya ujifunzaji. Fomu yenyewe ni fupi. Inataka nitaje lengo moja la somo, nieleze nimelipima kwa njia gani, niandike ni asilimia ngapi ya wanafunzi wamelifikia, kisha niseme nitabadilisha nini muhula ujao. Somo langu ni kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu: vyanzo vyake, vipimo vyake na namna jamii inavyoukabili. Lengo ninaloandika mara nyingi ni kwamba mwanafunzi aweze kueleza nadharia kuu za uhalifu na kuzitumia katika jambo halisi. Nusu ya kwanza ya lengo hilo hupimika kwa dakika arobaini. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nianze kwa kueleza chuo chenyewe, kwa sababu wasomaji wangu wa nyumbani wanaweza kukifananisha na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi. Wanafanana kwa nia, wanatofautiana kwa muundo. Chuo cha jamii cha Marekani hutoa elimu ya miaka miwili baada ya sekondari, kwa ada nafuu, na humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari bila kumchuja kwa alama. Kile cha kwanza cha umma kilianzishwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Anayemaliza anaweza kuingia kazini moja kwa moja au kuhamia chuo kikuu na kuanzia mwaka wa tatu.

Masomo ya jinai yaliingia kwa wingi katika vyuo hivi kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1967, baada ya miaka ya maandamano na ghasia mijini, tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson ilipendekeza kwamba askari polisi wa nchi hii wapate elimu ya chuo. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyotoa fedha za kuwasomesha askari na wale waliotaka kuwa askari. Vyuo vya jamii vilikuwa karibu na vituo vya polisi, vilifundisha hata jioni, na havikuwa ghali. Vikafungua milango. Tangu hapo somo hili limebeba mizigo miwili: kuandaa watumishi wa vyombo vya dola, na kumsaidia raia kuvielewa vyombo hivyo na hata kuvihoji. Anayetaka kupima kama wanafunzi wamejifunza lazima kwanza aamue anapima mzigo upi.

Darasani mwangu mizigo yote miwili hukaa kwenye viti vya safu moja. Yupo kijana anayesubiri kwa hamu kuvaa sare. Yupo mama anayefanya kazi ya ulinzi usiku gerezani na kuja darasani asubuhi akiwa hajalala. Yupo mtu mzima aliyewahi kufungwa, ambaye hujua maana ya neno adhabu kabla sijaliandika ubaoni. Mwaka 1994 Bunge liliwanyima wafungwa msaada wa serikali wa kulipia ada ya chuo. Haki hiyo ilirejeshwa kikamilifu Julai 2023. Kwa hiyo baadhi ya vyuo vya aina hii sasa hufundisha somo lile lile kwa askari mtarajiwa mjini na kwa mfungwa nyuma ya ukuta. Wote wawili hupewa mtihani, na mara nyingi mtihani huo ni wa maswali ya kuchagua jibu sahihi.

Siyadharau maswali ya aina hiyo. Ukitaka kujua kama mwanafunzi anakumbuka kwamba Cesare Beccaria aliandika kuhusu makosa na adhabu mwaka 1764, au kwamba Edwin Sutherland alipinga dhana kuwa uhalifu ni tabia ya maskini kwa kuonyesha uhalifu wa wakurugenzi wa makampuni, maswali hayo yanatosha. Husahihishwa haraka, hayana upendeleo wa mwandiko, na tarakimu zake huingia vizuri kwenye fomu. Matatizo huanza pale tunapoyapa kazi isiyo yao.

Nitoe mfano. Miaka miwili iliyopita, katika mtihani wa mwisho, niliweka swali la kuchagua kuhusu mwelekeo wa uhalifu wa kutumia nguvu nchini Marekani kati ya mwaka 1993 na 2019. Jibu sahihi ni kwamba kiwango chake, kwa takwimu za FBI, kilishuka kwa karibu nusu. Karatasi hiyo hiyo, ukurasa wa mwisho, ilimtaka mwanafunzi aandike aya mbili kumshauri meya wa mji wake kuhusu bajeti ya polisi. Kijana mmoja aliyeongoza darasa kwa alama alichagua jibu sahihi katika swali la kwanza. Kisha, katika aya zake kwa meya, aliandika kwamba kwa kuwa uhalifu umekuwa ukiongezeka kila mwaka tangu alipozaliwa, mji hauna budi kuajiri askari zaidi.

Hakuona mgongano wowote. Tarakimu aliyojifunza ilikaa kwenye chumba kimoja cha akili yake, na imani aliyokuja nayo kutoka kwenye televisheni na mazungumzo ya nyumbani ikakaa kwenye chumba kingine, na mlango kati ya vyumba hivyo haukufunguliwa. Hayuko peke yake. Kura za maoni za Gallup zimeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba karibu kila mwaka Wamarekani walio wengi husema uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliotangulia, hata katika miaka ambayo ulikuwa ukipungua. Kama nisingeuliza swali la pili, fomu yangu ingemhesabu kijana yule kuwa amelifikia lengo. Na huyo ndiye atakayebeba bunduki, akiingia mtaani huku akiamini kwamba kila mwaka mambo yanazidi kuharibika.

Katika darasa lile alikuwamo pia binti mmoja wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla familia yake haijahamishiwa Marekani. Nje ya darasa aliniamkia shikamoo kama ambavyo angemwamkia mwalimu yeyote wa kule. Ndani ya darasa, katika maswali ya kuchagua, alama zake zilikuwa za chini. Sehemu kubwa ya makosa yake ilikuwa kwenye maswali yenye kukanusha, yale yanayouliza ni lipi kati ya yafuatayo si kweli isipokuwa hili. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne.

Muhula huo nilikuwa nimeongeza mtihani wa mdomo wa dakika kumi kwa kila mwanafunzi. Nilimpa swali lililotokana na kazi ya Clifford Shaw na Henry McKay waliouchunguza mji wa Chicago: kwa nini mitaa miwili yenye umaskini sawa iwe na viwango tofauti vya uhalifu? Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza kuhusu sungusungu wa kambini. Alisema upande ambao familia zilikuwa zimekaa miaka mingi, watu walijuana kwa majina, walisali pamoja, na mtoto akikosea angekaripiwa na mama yeyote. Huko sungusungu walikuwa na kazi ndogo. Lakini wakimbizi wa Burundi walipomiminika mwaka 2015, zikatokea sehemu ambazo jirani hakumjua jirani, wengine wakihama kila baada ya miezi michache. Umaskini ulikuwa ule ule pande zote mbili; mafahamiano ndiyo yaliyotofautiana. Halafu akaongeza swali ambalo sikumwuliza: sungusungu wakiwa ndio peke yao wenye kulinda, nani atamlinda mtu dhidi ya sungusungu?

Kwa dakika zile chache alikuwa ameeleza nadharia, ameitumia katika jambo halisi, kisha ameihoji. Lengo langu lote, nusu zote mbili, na nyongeza juu yake. Kwa kipimo cha karatasi ya kuchagua, alikuwa miongoni mwa walioshindwa.

Wanaosoma kriminolojia watakuwa wameanza kuona ninakoelekea. Moja ya mada za kwanza tunazofundisha ni ile ya uhalifu usioonekana kwenye takwimu. Tangu karne ya 19, Mbelgiji Adolphe Quetelet alitambua kwamba tunachokijua ni makosa yaliyofika kwenye vyombo vya sheria tu, na kwamba jumla ya makosa yote hatuioni. Ndiyo maana Marekani, mbali na takwimu za polisi zilizoanza kukusanywa kitaifa mwaka 1930, tangu mwaka 1973 imekuwa na utafiti unaowauliza wananchi wenyewe majumbani mwao kama wamedhurika. Utafiti huo huonyesha kwamba zaidi ya nusu ya matukio ya uhalifu wa kutumia nguvu hayaripotiwi polisi. Somo tunalowapa wanafunzi ni kwamba takwimu ya polisi hueleza uhalifu, na papo hapo hueleza kazi ya polisi: wapi wanapita doria, nani anawaamini kiasi cha kuwaendea, na karani ameandika nini kwenye kitabu.

Kisha, somo likiisha, sisi walimu tunachukua alama za mtihani na kuzisoma kana kwamba ndizo elimu yenyewe. Alama nayo ni ripoti. Hueleza anachokijua mwanafunzi, na hueleza pia swali lilivyoulizwa, lilivyoulizwa kwa lugha gani, na mwalimu alikuwa na muda gani wa kusahihisha. Yako maarifa yasiyoripotiwa, kama ya binti yule. Na upo ujinga usioripotiwa, kama wa kijana yule, uliojificha chini ya alama za juu kabisa. Huo wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu hupewa cheti.

Hatari huongezeka tarakimu inapofungamanishwa na fedha au cheo. Mwanasayansi ya jamii Donald Campbell alionya katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika kuamulia mambo makubwa, ndivyo kinavyozidi kupotoshwa na kuipotosha kazi kilichokusudiwa kuipima. Mfano tunaoutumia darasani ni polisi wa New York. Mwaka 1994 walianzisha mfumo wa CompStat, ambao makamanda waliitwa kujieleza mbele ya takwimu za maeneo yao. Mfumo ulisifiwa sana na kuigwa, lakini baadaye zikaibuka tuhuma kwamba baadhi ya makosa makubwa yalikuwa yakiandikwa kama madogo ili chati zishuke.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda New York kulielewa jambo hili. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu aliunda tume, serikali ikayafuta matokeo yale, na alama zikachakatwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Ufaulu ukapanda. Watoto walikuwa wale wale, na majibu yao yalikuwa yale yale kwenye karatasi zile zile. Sisemi kwamba uamuzi ule haukuwa na hoja; wapo waliosema kwa haki kwamba kubadili taratibu za kupanga madaraja ghafla kuliwaonea watahiniwa. Ninachosema ni kwamba katika mjadala ule mrefu tulijadili madaraja zaidi ya tulivyojadili kile ambacho watoto walikuwa wamejifunza au hawakujifunza kwa miaka minne.

Katika somo la jinai, kosa la kupima si la chuo peke yake kulibeba. Minnesota, kwa miongo kadhaa, imewataka askari polisi wake wawe na angalau elimu ya chuo ya miaka miwili, sharti ambalo majimbo mengi hayana. Ni jimbo hili hili ambalo, tarehe 25 Mei 2020, George Floyd alikufa mjini Minneapolis chini ya goti la askari Derek Chauvin. Sitaki kurahisisha mambo kwa kudai kwamba vyuo vilisababisha kifo kile. Lakini kuna jambo moja katika kumbukumbu za kesi ambalo mwalimu yeyote wa fani hii hawezi kulipita. Askari kijana, Thomas Lane, aliyekuwa na siku chache tu kazini, aliuliza mara mbili kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Chauvin, mkubwa wake, alikataa. Lane aliendelea kuishika miguu ya Floyd. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa kutompa msaada aliyeuhitaji.

Swali la Lane lilikuwa sahihi. Angeliandika kwenye karatasi ya mtihani wangu, ningempa alama zote. Alikosa kile kinachotakiwa baada ya kujua, yaani kukitendea kazi ukijuacho mbele ya mkubwa wako, huku umati ukipiga kelele na muda ukiyoyoma. Wenzangu husema hilo ni suala la tabia na haliwezi kufundishwa darasani, seuze kupimwa. Naafiki kwamba hakuna mtihani wa chuo unaoweza kuahidi mwenendo wa mtu miaka mitano ijayo. Lakini naona tofauti kubwa kati ya mwanafunzi ambaye hajawahi kutakiwa kuitetea hoja yake mbele ya mtu mwenye mamlaka, na yule aliyetakiwa kufanya hivyo mara kadhaa, akatetemeka, na akaitetea.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikijaribu njia tatu. Ya kwanza: siku ya kwanza ya muhula wanafunzi huandika wanavyoamini kuhusu uhalifu katika mji wao na sababu za kuamini hivyo. Siku ya mwisho hurudishiwa karatasi zao na kujijibu wenyewe, bila alama. Ya pili: kila mmoja huenda mahakamani, kwa kuwa mahakama ziko wazi kwa umma, akakaa asubuhi moja watu wakisomewa mashtaka. Huandika kila shauri limechukua dakika ngapi, nani alikuwa na wakili, na mshtakiwa alisema maneno mangapi. Wengi hurudi kimya. Walidhani watakuta mabishano ya mawakili kama ya kwenye filamu, wakakuta foleni. Ya tatu ni mtihani wa mdomo, ambao ndani yake mimi huchukua nafasi ya mkubwa wa kazi na kumpinga mwanafunzi hata akiwa sahihi, ili nione kama hoja yake itasimama.

Njia hizi zina gharama, na haifai kuificha. Mtihani wa mdomo wa wanafunzi thelathini hula saa tano au sita za kazi. Wahadhiri walio wengi katika vyuo vya jamii vya Marekani si waajiriwa wa kudumu; hulipwa kwa kila kozi, na baadhi yao huendesha gari kutoka chuo kimoja hadi kingine ili wapate kodi ya nyumba. Mtu wa namna hiyo akitumia maswali yanayosahihishwa na kompyuta, usimwite mvivu. Namna tunavyopima wanafunzi ni matokeo ya namna tunavyowalipa walimu.

Kamati ya tathmini ya chuo ina pingamizi jingine, nalo lina uzito. Mjumbe mmoja aliniuliza: katika mtihani wa mdomo, utamzuiaje mwalimu asimpendelee anayezungumza kama yeye? Alikuwa sahihi kuuliza. Mimi na binti wa Nyarugusu tunashirikiana lugha na tunalijua neno sungusungu. Kijana wa kijiji cha kaskazini mwa Minnesota hana bahati hiyo mbele yangu. Kwa hiyo sasa mazungumzo yote hurekodiwa, vigezo huandikwa na kugawiwa kabla, na mwalimu wa pili husikiliza baadhi ya rekodi na kutoa alama zake bila kuziona zangu. Pale tunapotofautiana sana, tunakaa na kubishana. Mabishano hayo yamenifunza kuhusu wanafunzi wetu zaidi ya chati yoyote niliyowahi kuichora. Kamati imeturuhusu kuendelea kwa mwaka mmoja, kisha itaamua.

Nawaandikia haya vijana wanaosoma sheria, ustawi wa jamii na taaluma za polisi nyumbani, wanaharakati wanaofuatilia haki jinai, na watumishi wanaosimamia mafunzo. Mwaka 2023 tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchini ikiwasikiliza wananchi kuhusu taasisi zetu za haki jinai. Mjadala wa namna hiyo hufika haraka kwenye neno mafunzo: askari wapewe mafunzo, wapelelezi wapewe mafunzo, askari magereza wapewe mafunzo. Ni sawa. Lakini mafunzo yakiisha, tutaletewa taarifa kwamba washiriki kadhaa wamehitimu na asilimia kadhaa wamefaulu, na tutapiga makofi. Hapo ndipo ningependa mmoja wenu anyanyue mkono aombe kuona swali lenyewe waliloulizwa. Kisha aulize kama kuna aliyewahi kuwapinga walipokuwa sahihi, na kama raia aliyelala mahabusu wiki iliyopita aliulizwa chochote kuhusu kufaulu kwao.